Klabu Iliyoishiwa na Makosa

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha fundi viatu, pale njia ya sokoni inapokutana na njia ya zahanati. Ukikaa kushoto unapata kivuli. Ukikaa kulia unaupata umbea ungali wa moto, maana wapita njia wote hutokea upande huo. Ila ubao una tabia yake: wa kushoto akiinuka bila kuaga, wa kulia anajikuta chini, miguu juu, kikombe kifuani. Kahawa ni ya Mama Birika, chungu kama maneno yake, na vyote viwili watu huviomba tena. Jumamosi hiyo asubuhi mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, kijiwe kimejaa, vikombe vinazunguka, vicheko vinasikika mpaka sokoni. Mtu mmoja tu ndiye hakuwa na raha, naye ni mwenye kibanda, Hakimu, aliyekuwa anagongea soli huku akichungulia vifundo vya mikono ya wenzake. Vyote vilikuwa vitupu.

Tuelewane kwanza kuhusu hiyo mikono, tusije tukaachana njiani. Hakimu hajawahi kukanyaga mahakamani, Mungu apishe mbali. Cheo hicho amekipata katika Klabu ya Jirani Mwema, chama cha watu wa mtaa huo, wake kwa waume, wanaokutana kila Ijumaa jioni katika duka la fundi cherehani. Vyerehani vinasukumwa ukutani, chai inamiminwa, karata zinapigwa, zinaimbwa nyimbo ambazo hakuna anayejua ubeti wa pili, na watu wanacheka mpaka mbavu ziume. Kisha Hakimu anakohoa, na kesi zinaanza. Aliyechelewa, aliyesinzia wakati wa hotuba, aliyemsifia mwanawe mpaka wenzake wakakereka, ambaye simu yake imelia katikati ya sala: wote wanafungwa kamba ya kiatu mkononi. Kamba haifunguliwi mpaka mkosaji atoe saa moja ya kazi ya mikono yake kwa jirani mwenye shida.

Na usidharau. Daraja la mtaro wa kwenda shule lilijengwa kwa usingizi wa watu. Wodi ya watoto pale zahanati ilipakwa rangi kwa umbea mtupu. Sare za mayatima zilishonwa na wachelewaji, na wagonjwa wasioweza kuinuka kitandani hunyolewa na mtu ambaye hajawahi kufunga mdomo tangu aujue. Mtaa mzima ulinawiri kwa dhambi ndogo ndogo.

Sasa ipo nyumba ya Bibi Mkunga. Huyo bibi ndiye aliyepokea nusu ya mtaa kwa mikono yake, na upepo ulipoezua paa lake, klabu iliapa kuliezeka upya. Wakafanya dansi kubwa la kuchangisha, watu wakaruka mpaka wakapoteza viatu, vifaa vyote vikapatikana. Upande mmoja wa paa ukaezekwa kwa makosa ya mwezi ule. Halafu, bila taarifa, makosa yakakauka. Na Hakimu alikuwa ameshika mkono wa bibi, akamwambia mbele ya watu: "Bibi, mvua ya kwanza utaisikiliza ukiwa ndani, umejifunika." Ahadi ni deni, na mawingu ndiyo hayo.

– Bati zipo! alisema Hakimu, akaitupa nyundo chini. Misumari ipo, mbao zipo, ngazi ipo. Kinachokosekana ni makosa tu! Jamani, watu wazima ninyi, mmeshindwa hata kupiga miayo?

– Usinitazame mimi, alisema Kwea.

Kwea ndiye fundi wa mapaa, mrefu kama ngazi yake. Siku zote alikuwa tegemeo la klabu, kwa sababu husinzia popote anapoketi.

– Nimtazame nani kama si wewe? Jana Mwenyekiti kahutubia mpaka chai ikapoa, na wewe macho kodo kama samaki! Una nini siku hizi?

– Nalala mapema, Hakimu. Mke wangu ananilaza saa mbili.

– Saa mbili! Na wewe unalazwa?

– Analeta blanketi, anazima taa. Nifanyeje?

– Hapo ndipo penyewe! alidakia kinyozi kutoka upande wa umbea.

Kinyozi huyo wanamwita Redio, kwa sababu hazimwi. Ana methali kwa kila jambo, na hajapata bado kuipatia methali jambo lake.

– Wake zetu wamekaa kikao, alisema Redio. Mwanamume akifungwa kamba, Jumamosi yake imekwenda, nani atabeba kapu la sokoni? Basi wakaona dawa ni kututia adabu. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na mkewe.

– Na ulimwengu, alimrekebisha Kwea.

– Mkeo si ulimwengu? Anakulaza saa mbili!

Kijiwe kikaangua kicheko. Mama Birika hakucheka. Alikuwa anafuta vikombe na kumtazama Redio kama mtu anayechagua pa kuanzia.

– Kwa hiyo wanawake wa klabu hatuna makosa yetu wenyewe? aliuliza. Mimi sina mke, Redio. Na jana nilikuja na umbea wa kulisha mtaa mzima. Mzito, wenye majina. Nikaumeza. Mpaka sasa tumbo limejaa.

– Ukaumeza? Wewe?

– Mimi.

– Kwa nini, mama yangu?

– Sijui! Nilijisikia tu kuwa mwema.

Redio alishika kichwa kwa mikono miwili.

– Basi ni ugonjwa, alisema. Jamani, ni ugonjwa. Kama umempata Mama Birika, hakuna atakayepona.

Hakimu aliokota nyundo yake akairudia ile soli. Moyoni alikuwa anaona haya. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameota matone yanadondoka, akaamka, akaenda dirishani kutazama mbingu. Mtu mzima na watoto wake, anaamka kutazama mawingu kama mwenye nguo nje. Bibi Mkunga alimtoa tumboni mwa mama yake miguu ikiwa imetangulia, na mpaka leo humwambia kila anayepita: "Huyu kitu cha kwanza kuionyesha dunia ni nyayo, ndiyo maana kawa fundi viatu." Alikuwa anampenda bibi huyo upendo wa kuuma.

Ndipo akafika mama mmoja kijana, mkononi ameshika kandambili iliyokatika mkanda, mguu mmoja peku. Hakimu hakumfahamu. Akampa kigoda, akampa kipande cha gazeti akanyage, akaipokea kandambili bila kuondoa sikio kwenye mjadala, maana Mwenyekiti alikuwa amesimama.

Mwenyekiti ndiye yule fundi cherehani mwenye duka. Hukaa na futi ya kupimia shingoni, na akitaka kusema jambo zito huishika ncha zote mbili.

– Ndugu wanachama, alisema. Nilikuwa sitaki kusema. Lakini ninyi mnajua ng'ambo ya soko kuna Klabu ya Nuru.

– Wale wenye tai, alisema Kwea.

– Wale wenye tai na kengele. Tulipomaliza daraja, walinuna. Tulipopaka wodi, walikuja kunusa rangi. Sasa nawauliza: nani alimleta klabuni yule mwanachama mpya, yule anayesema "samahani" kabla hajapiga chafya?

Mama Birika aliacha kufuta kikombe.

– Kabla? aliuliza Mama Birika.

– Kabla! Nimemhesabia mwenyewe. Na tangu aje, watu wameanza kumwiga. Wanapisha mlangoni. Wanasema "tafadhali". Ijumaa iliyopita watu wawili walipishana pale mlangoni mpaka chai ikawapita. Ndugu zangu, tumeingiliwa. Klabu ya Nuru imetuletea adabu kwa makusudi, ili kazi zetu zife!

– Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Redio.

Wote wakamgeukia, kwa kuwa kwa mara ya kwanza ilielekea kupatia.

– Maana yake, aliendelea Redio, tuwapekue nguo.

– Aah! kijiwe kikaguna, mambo yakarudi kama kawaida.

– Mimi nasema adabu haiambukizi namna hiyo, alisema Redio. Haiwezi. Lazima inanywewa. Katika klabu tunakunywa nini sote? Chai! Na muuguzi wetu ana ufunguo wa kabati la dawa. Matone mawili tu kwenye birika, mtu anakuwa mpole wiki nzima. Mimi mwenyewe juzi nilimnyoa mteja nikanyamaza. Mteja akaniuliza kama nimefiwa.

– Chai ya klabu nachemsha mimi, alisema Mama Birika.

– Ndiyo nasema…

– Sema tena. Taratibu. Nisikie vizuri.

– Nasema chai yako ni tamu, mama yangu, na Mungu akuzidishie.

– Nilidhani.

Vicheko vikaruka tena. Hata yule mama wa kandambili alificha mdomo kwa kiganja. Kwea alisubiri kicheko kitulie, kisha akasema kwa sauti yake ya chini, ile anayoitumia akiwa juu ya paa asimtishe mteja:

– Ni Bibi Mkunga mwenyewe.

– Bibi kafanyaje?

– Si ndiye aliyetupokea sote? Mama yangu aliniambia, mtoto akitoka tu, kabla hajalia, bibi humnong'oneza sikioni: "Uwe na adabu." Kila mtoto. Sasa dawa nyingine huchelewa kufanya kazi. Ilikuwa imelala mwilini miaka yote, mwezi huu imeamka kwa wote pamoja.

Hili lilikuwa kubwa kuliko yote. Mwenyekiti alikaa chini. Redio alijigusa sikio.

– Kwa hiyo, alisema Redio polepole, amejinyima paa kwa mdomo wake mwenyewe.

– Acheni! alisema Hakimu.

Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. Wenzake wakashtuka, maana Hakimu hukumu zake zote huzitoa akicheka.

– Acheni kumtia bibi katika mzaha. Tazameni juu! Hayo mawingu hayajui habari ya chai wala tai. Mimi nimemwahidi yule mama. Nimemshika mkono. Mkinipenda, nipeni makosa, hata madogo. Nipeni kumi tu, jua likizama paa limekwisha.

– Tupeleke saa ya ukutani mbele, alisema Redio. Ijumaa ijayo wote watakuwa wamechelewa.

– Ijumaa ijayo! Mvua itakungoja?

– Basi mimi nakosa sasa hivi. Mwenyekiti, hotuba yako ya jana ilikuwa ndefu kama msiba. Nifungeni.

Akanyoosha mkono. Mwenyekiti alishika ncha za futi yake.

– Haifai. Kanuni ya kwanza ya klabu: kosa la makusudi si kosa, ni kujipendekeza. Na unajua iliwekwa kwa ajili ya nani.

Redio aliuteremsha mkono. Iliwekwa kwa ajili yake, alipochelewa makusudi Ijumaa baada ya Ijumaa ili apangiwe kutengeneza vitasa katika bweni la wauguzi, yeye asiyejua kitasa kinavyofunguliwa.

– Basi twendeni tu, alisema Kwea. Bila kamba. Ngazi ninayo pale.

Hakimu aliinua uso. Mwenyekiti akatikisa kichwa, na safari hii hakuwa anaringia cheo. Alikuwa na huzuni.

– Kanuni ya pili, Kwea. Hakuna kazi bila kamba. Umesahau tulivyokuwa? Kila mtu alijitolea kwa hiari yake, na kila mtu alijisifu kwa hiari yake. Yule aliyebeba matofali mawili akayasimulia mwaka mzima. Tulipompelekea mjane kitanda, mimi na Redio tulitaka kupigana, kisa nani asimame karibu na kitanda kwenye picha. Mjane akabaki nje ya picha! Klabu ilikuwa inakufa. Hakimu ndiye aliyetuokoa na kamba zake. Anayelipa kosa hana cha kujivunia. Anafanya, anafunguliwa, anakwenda nyumbani. Tukiivunja leo kwa jambo jema, kesho tutapigania picha tena.

Hakuna aliyembishia, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu wote waliikumbuka ile picha ya aibu. Hakimu alihisi amekabwa na kanuni yake mwenyewe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, alijisemea, na hapo methali ilikuwa mahali pake kabisa. Alimaliza kuushona mkanda wa kandambili, akaukata uzi kwa meno, akamnyooshea mwenyewe.

Yule mama aliipokea lakini hakuivaa. Alibaki nayo mapajani.

– Samahanini, wakubwa zangu, alisema. Shikamooni. Mimi ni mgeni hapa, mpangaji mpya. Nimepanga kile chumba cha nyuma ya nyumba ya huyo bibi mnayemsema.

– Marahaba, karibu mwanetu, alisema Mama Birika.

– Wa Bibi Mkunga? Hakimu alisogeza kigoda. Hajambo?

– Hajambo. Tena nina salamu zako, kama wewe ndiye yule mjukuu wake aliyetanguliza miguu.

Kijiwe kikalipuka. Redio alipiga mapaja, ubao ukacheza, kahawa ikamwagika. Hakimu mwenyewe alicheka, ingawa masikio yalimwaka moto.

– Ndiye mimi. Kasemaje?

– Kasema usijali. Amesikia kwamba mnahangaika. Kitanda amekisogeza upande wenye bati, na kasema upande mmoja unamtosha, mtu mmoja hawezi kulala pande mbili.

– Bibi huyo! alisema Mwenyekiti akitabasamu.

– Ila juzi yale manyunyu, aliendelea yule mama, upepo uliyaleta mpaka kitandani. Asubuhi nilimkuta anaanika blanketi. Alikuwa anaimba. Nikamuuliza kama amelala, akaniambia alikaa kitako, na kwamba wakunga wamezoea kukesha.

Kicheko kilikwisha chenyewe. Hakimu aliinama kutafuta sindano ambayo haikupotea. Alikuwa ameketi hapo tangu asubuhi anadai makosa kwa watu, na bibi anakesha kitako na blanketi bichi.

– Mimi sizijui kanuni zenu, alisema yule mama. Naona ni nzuri. Nauliza tu, kwa kuwa ni mgeni. Mvua hii ikimnyeshea bibi leo, na bati zipo, na ngazi ipo, na sisi tumekaa hapa tunakunywa kahawa, hilo litakuwa kosa la nani?

Mwenyekiti alizishika ncha za futi, akaziachia. Kwea alitazama ngazi yake iliyoegemezwa kibandani. Redio alifungua mdomo, na mtaa mzima ungekuwepo ungeshuhudia: akaufunga, hakuna kilichotoka. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni apate angalau la kufanya. Likatoka tone moja, na jingine dogo, basi. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Hakimu alisimama. Aliivuta droo ya chini ya meza yake, akatoa kamba zote alizokuwa nazo, nyeusi, za kahawia, na zile nyeupe za viatu vya mpira, akazitundika mkononi.

– Mwenyekiti, alisema. Hilo kosa alilolitaja huyu mama. Tumelifanya kwa makusudi?

– La hasha. Nani angekusudia jambo kama hilo?

– Ni kosa la kweli?

Mwenyekiti akaivua futi shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni, akanyoosha mkono wake mbele ya wote.

– La kweli kuliko yote tuliyowahi kuhukumu, alisema. Nifunge mimi kwanza.

Jamani, mngeona furaha ile! Utadhani wanagawiwa sukari. Mikono ilinyooka kama ya watoto darasani. Kwea alifungwa ya kahawia. Mama Birika alifungwa nyeusi, akasema ikazwe vizuri, umbea umpungue tumboni. Redio aliziangalia kamba moja moja.

– Mimi naomba ile nyeupe. Itanipendeza.

– Kuchagua kamba ni kosa, alisema Hakimu. Lete mikono yote miwili.

– Haki yangu! alisema Redio kwa fahari, akafungwa mbili.

Wapita njia wakasimama kuuliza kulikoni. Wakiambiwa, wanatazama mawingu, wanatazama nyumba ya bibi ilipo, nao wananyoosha mikono. Muuguzi aliyekuwa anatoka zamu alifungwa akiwa amebeba viatu vyake. Yule wa "samahani" alifungwa akisema "ahsante". Hata jamaa wawili wa Klabu ya Nuru, wamevaa tai zao wanakwenda zao kwenye mkutano, waliulizwa kama waliwahi kuliona lile paa. Wakasema ndiyo, wamelipita mara nyingi. Wakafungwa pamoja na tai zao.

Ikabaki kamba moja.

– Na wewe? aliuliza yule mama.

– Hakimu hafungwi, alieleza Redio. Tangu klabu ianze hajafungwa. Nani amhukumu hakimu? Wahenga walisema, mganga hajigangi.

Hapo napo alipatia, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumpongeza, kwa sababu Hakimu alikuwa amemnyooshea mgeni ile kamba ya mwisho, pamoja na mkono wake wa kushoto.

– Nifunge wewe, mwanangu. Mimi kosa langu ni kubwa kuliko la hawa. Wao walisahau. Mimi nilikumbuka kila siku, nikakaa.

Akamfunga. Fundo likakaza. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kiti:

– Na mimi je? Nalala nyuma ya nyumba yake. Nimenyamaza mpaka kandambili imekatika.

Droo ilikuwa tupu. Hakimu alipiga goti, akachomoa kamba ya kiatu chake mwenyewe, akamfunga nayo mkononi. Hivyo ndivyo alivyoingia klabuni, bila fomu wala hotuba.

– Haya, twendeni! alisema Mwenyekiti.

Wakainuka wote kwa mara moja, wa kivulini na wa kwenye umbea, na siku hiyo ubao haukumwangusha mtu.

Redio alitangulia, anatangaza njia nzima kama mwendawazimu, na mdomo ule ulioponza wengi siku hiyo uliita watu kazini nyumba hadi nyumba. Kwea alipanda. Mbao zikapanda. Bati zikapita juu ya vichwa mkono kwa mkono, wa tai anampa asiye na tai. Mama Birika alilihamishia jiko uani kwa bibi, akabandika birika jipya. Walioshindwa kupanda waliimba, na wimbo ulipofika ubeti wa pili wasioujua wakaupigia nyundo. Saa moja ya kila mtu ilikwisha zamani, na hakuna aliyeulizia. Na msumari wa mwisho ulipozama, wakamkuta Kwea amekaa juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, amekumbatia nguzo, anakoroma.

– Kosa! Kosa la kweli! watu wakapiga kelele kwa shangwe. Hakimu! Amerudi! Kwea amerudi!

Lakini Hakimu hakuwa nje. Alikuwa ndani, anamsaidia Bibi Mkunga kukirudisha kitanda chake katikati ya chumba, mguu wake mmoja unaburuta kiatu kisicho na kamba. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga juu. Bibi aliisimamisha kazi, akautazama ule mkono.

– Na wewe leo umefungwa? Umekosa nini, mjukuu wangu?

– Nimechelewa, bibi.

Bibi alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda.

– Kuchelewa! Wewe hata kuzaliwa ulichelewa. Mama yako analia, mimi nakuita, wewe umetulia humo kama mwenye nyumba. Na ulipokuja, ukaja na miguu. Mbona sikukufunga kamba? Nilikupokea tu.

Mvua ikaangukia bati kwa nguvu zake zote, huko nje watu wakapiga vigelegele, na Hakimu aliyekusudia kucheka akajikuta analia, wala hakujificha. Bibi aliuvuta mkono wake karibu na taa, akalitafuta fundo kwa kucha. Vidole vile vile vilivyomfunga kitovu ndivyo vilivyomfungua kamba ya kiatu.

– Haya, shika, alisema. Irudishe kiatuni, utaanguka.